ALIYEINGIA CHUONI YU WAPI?

Katika Kata ya Nanyala, Wilayani Mbozi, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma, habari ya kijana kuchaguliwa kwenda chuo kikuu haikai nyumbani mwa mtu mmoja. Hupita mashambani katikati ya mibuni, ikafika kanisani, ikafika gengeni, na kabla ya jua kuchwa wazee wamekwisha kuulizana nani atachangia nini. Huyu atatoa debe mbili za mahindi, yule atatoa nauli, shangazi atatoa blanketi. Kijana husindikizwa hadi barabarani akapandishwa basi, na waliomsindikiza hurudi nyumbani wakijua kwamba sasa kijiji kina mtu wake chuoni.

Swali letu la leo ni la baada ya hapo. Mwaka mmoja ukiisha, yule kijana yu wapi?

Wengi wapo, na twawapongeza. Lakini wako pia wasiokuwapo. Hawakufanya fujo wala hawakuiba mtihani, walitoweka tu. Wanafunzi wana neno lao kwa mwenzao aliyeshindwa mitihani akaondolewa: husema "amedisko", kana kwamba amekwenda kucheza dansi. Kwa yule aliyeondoka kimya kabla ya mtihani, hata neno la mzaha halipo. Jina lake hufutwa katika orodha, kitanda chake hupewa mwingine, na huko kwao wazazi huona haya kulitaja jambo lenyewe mbele ya wale waliotoa mahindi na blanketi.

Watu wepesi wa kuhukumu husema kuwa kijana huyo hakuwa na juhudi. Huenda ikawa kweli kwa mmoja au wawili. Lakini hebu tuitazame kalenda ya Mbozi, tuiweke kando ya kalenda ya chuo. Kahawa huanza kuchumwa katikati ya mwaka, na fedha yake hupatikana katika miezi inayofuata, kwa kadiri chama cha msingi kitakavyouza na kulipa. Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hapo mzazi ana chochote mkononi, naye hulipa sehemu ya kwanza ya ada. Mvua zikianza, fedha iliyobaki huingia ardhini pamoja na mbegu na mbolea. Muhula wa pili huja karibu na mwezi wa Machi, wakati kahawa ya mwaka jana imekwisha kuliwa, ya mwaka huu ingali mitini, na mahindi bado mabichi. Ndipo chuo kinapodai sehemu ya pili ya ada, na asiyelipa hapewi kibali cha kuingia katika chumba cha mtihani. Mzazi huyo si mkaidi wala si fukara wa kutupwa. Angelipa yote lau angeulizwa mwezi wa Septemba. Ameulizwa katika mwezi ambao hakuna mkulima wa Mbozi mwenye fedha.

Na kijana akirudi nyumbani "kutafuta ada", barabara ile ile iliyompeleka haikomei Nanyala. Inaendelea hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ambako malori ya Kongo na Zambia hupanga mstari na kijana mwenye nguvu na hesabu nzuri hakosi kazi. Atapakia na kupakua, atabadilisha fedha, atauza vocha za simu. Wiki mbili za kutafuta ada huwa miezi sita, na miezi sita huwa maisha. Hatuidharau kazi ya Tunduma. Ni kazi halali inayolisha watu wengi. Twasikitika tu kumwona aliyekwenda kusomea uhandisi akiishia huko kwa deni ambalo pengine halikuzidi bei ya mbuzi watatu.

Mtu atatuuliza: Je, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haipo? Ipo, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005, na bila ya hiyo maelfu wasingeufikia hata mlango wa chuo. Lakini mkopo haumfikii kila mwombaji, na aliyeupata huenda asipate fungu zima la ada. Tena posho ile ambayo wanafunzi huiita "bumu" ikichelewa, mwana wa mkubwa hupiga simu nyumbani, na mwana wa mkulima hunywa maji akalala. Wote wawili wataamkia mtihani mmoja asubuhi.

Liko na jambo la lugha. Mtoto wa Nanyala huyajua mambo ya dunia kwanza kwa lugha ya nyumbani, akafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari akakabidhiwa Kiingereza ghafula. Akifika chuoni, mhadhiri huzungumza haraka mbele ya watu mia tatu. Kijana huyu haulizi swali, maana anaogopa kuchekwa. Ukimya wake husomwa kuwa uvivu.

Haya yote mkuu wa chuo hawezi kuyaondoa kwa amri moja. Hata hivyo historia ya vyuo vyetu yaonyesha kwamba wakubwa wakiamua, mlango hufunguka. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kuipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais na pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, akawarudisha makwao karibu 400. Alikasirika, na nchi nzima ilijua. Lakini mwaka uliofuata wengi wao walirudishwa masomoni. Ikiwa waliofukuzwa kwa hasira ya Rais walipata njia ya kurudi, twashangaa kwa nini asipate njia yule aliyeondoka kwa kukosa ada ya muhula mmoja.

Somo jingine latoka katika Azimio la Musoma la mwaka 1974. Liliagiza kwamba vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote, nalo lilionekana la haki. Lakini wasichana waliotoka shuleni wakaenda kazini hawakurudi kama wavulana walivyorudi. Wengine waliolewa, wengine walipata watoto, na idadi yao chuoni ikashuka. Haikupita miaka mingi sharti hilo likalegezwa kwa wanawake. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapa masomo ya matayarisho ya wiki chache wasichana waliokosa kidogo alama za kuingilia kozi za sayansi, na waliofaulu wakapokelewa. Walikuwapo walionung'unika kuwa huo ni upendeleo. Sisi twasema ulikuwa ni uangalifu tu, kwani mzigo ule ule hauwi na uzito ule ule juu ya kila kichwa.

Hata nchi zenye fedha zimekwisha kuliona jambo hili. Mjini Atlanta, Marekani, kiko chuo kikuu cha serikali kiitwacho Georgia State, chenye wanafunzi wengi wa watu maskini na wa watu weusi. Mwaka 2003 waliomaliza masomo walikuwa kama 32 kwa mia. Wakuu wa chuo hicho hawakuanza kwa kuwalaumu vijana. Walianza kwa kutazama vitabu vyao wenyewe. Wakaona kuwa kila muhula walikuwa wakiwafuta wanafunzi wazuri kwa madeni madogo madogo. Tangu mwaka 2011 walianza kuyalipa madeni ya namna hiyo bila hata ya mwanafunzi kuomba, na mwanafunzi anayeanza kuyumba katika somo akaitwa na mshauri mapema. Wamalizao wakapita 50 kwa mia, na tofauti baina ya weusi na weupe ikatoweka. Chuo nacho hakikupata hasara, maana mwanafunzi aliyebaki huendelea kulipa ada.

Kwa hiyo maneno yetu kwa Makamu Wakuu wa Vyuo na kwa Mabaraza ya Vyuo ni machache. Mkulima wa kahawa aruhusiwe kulipa ada ya mwaka kwa msimu wa kahawa, kwa mkataba na sahihi ya mzazi, na kijana wake afanye mtihani. Mshauri wa Wanafunzi apewe wasaidizi wa kutosha, asiachwe peke yake na maelfu. Asiyeonekana darasani kwa wiki mbili atafutwe. Simu ya dakika tano yatosha; na siku hizi Nanyala nzima ina simu.

Tena twaomba hesabu. Kila mwaka twasomewa idadi ya waliodahiliwa, nayo hupigiwa makofi. Twataka Baraza lisomewe pia idadi ya waliokuwapo Novemba wasiwepo Aprili, ikipangwa kwa mikoa, kwa wasichana na wavulana, kwa wenye mkopo na wasio nao. Mkuu wa chuo aulizwe juu ya kila mmoja, kama mwenye duka aulizwavyo juu ya gunia lililopungua.

Pale Iyunga, mjini Mbeya, kiko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Basi liendalo Tunduma hupita jirani, na asubuhi ile ile likapita Nanyala. Mtu mmoja wa ofisi ya mshauri akipanda basi hilo mwezi wa Machi, akateremka na kuuliza nyumba ya fulani, ataonyeshwa na mtoto wa kwanza atakayekutana naye. Wote wanaijua, ndiko walikopeleka yale mahindi.