Nyeri kwa Miguu

Anayetaka kuijua Nyeri ashuke matatu, atembee. Akiifuata njia ya Outspan, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1928, atafika ukingoni mwa bonde la Mto Chania, ambako maji baridi kutoka milima ya Nyandarua hupita chini ya miti.

Katika nyumba ndogo ya Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli, Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi miaka yake ya mwisho. Alifariki Januari 1941. Kaburi lake, katika makaburi ya St Peter's, lina duara lenye nukta katikati: alama ya maskauti njiani kwamba mwenzao amerudi nyumbani. Lastahili kuzuriwa asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kenya.