Mguu Mmoja Ukivimba Ghafla, Usiukande

Leo tutazungumza juu ya hatari moja ya heroini. Vijana huiita unga. Wengine huivuta. Wengine huichanganya na maji na kujidunga kwa sindano.

Mwilini kuna mishipa mikubwa ya damu ya aina mbili. Mmoja hupeleka damu kutoka moyoni. Mwingine huirudisha moyoni. Huu wa pili huitwa vena. Mtumiaji wa heroini hujidunga kwenye vena.

Heroini humtawala mtu. Akiikosa, huumwa mwili, hutapika na kuharisha. Kwa hiyo hujidunga mara nyingi kwa siku. Vena za mikono zikiharibika, wengine hujidunga kwenye kinena. Hapo hupita vena kubwa ya mguu.

Kwa nini damu huganda humo?

Kwanza, sindano hujeruhi mshipa. Penye jeraha damu huganda.

Pili, unga huchanganywa na vitu vingine. Vitu hivyo pamoja na vijidudu vya uchafu huudhuru mshipa.

Tatu, aliyelewa heroini hukaa muda mrefu bila kujongea. Damu ya miguuni huenda polepole. Maziwa yakitulia huganda, na damu nayo ikienda polepole huganda kwa urahisi.

Dalili zake ni hizi: mguu mmoja huvimba kwa muda mfupi, huuma na huwa na joto. Haya si matende. Matende huja polepole, kwa miaka. Wala si kurogwa.

Bonge la damu linaweza kukatika na kwenda mpaka kwenye mapafu. Hapo mgonjwa hukosa pumzi, kifua humchoma, na pengine hukohoa damu. Anaweza kufa ghafla.

Ukiona dalili hizo, fanya hivi:

1. Usiukande mguu wala kuuchua. Bonge linaweza kukatika.
2. Usimchanje chale.
3. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akikosa pumzi, usingoje hata saa moja.
4. Mwambieni mganga ukweli kwamba mgonjwa hujidunga. Mkificha, matibabu yatachelewa.

Hospitali watampa dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Ataitumia kwa miezi kadhaa. Asiiache kwa sababu uvimbe umepungua.

Lakini akiendelea kujidunga, damu inaweza kuganda tena. Uteja ni ugonjwa, nao una tiba. Iko dawa iitwayo methadoni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, naye huweza kuishi bila sindano. Tanzania tiba hii ilianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Baadaye ilifika mikoa mingine. Uliza hospitali ya mkoa wako.

Ndugu msomaji, kijana akirudi kutoka mjini huku anachechemea na kuficha mguu wake, usimfukuze. Aibu humfanya ajifiche, na bonge la damu halimngojei. Mkalishe, muulize kwa upole, kisha fuatana naye hospitali.