Kabla ya kubandika mawe bafuni, mzazi kagua kilicho chini

Soitsambu. Kwa Wamaasai nyumba ni ya mama. Ndiye anayekata fito, anayezisuka na kuzikandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na paa likivuja wakati wa masika ndiye anayepanda kuziba. Lakini katika vijiji vya Loliondo, Soitsambu ikiwamo, nyumba za matofali na bati zinaonekana, na baadhi zina bafu na choo cha ndani. Hapo kazi huhamia kwa fundi, na mama huitwa siku ya kuchagua rangi ya vigae.

Siku hiyo huwa ameshachelewa. Kinachoamua kama bafu litakuwa salama kwa mtoto kiko chini ya kigae, na kikishafunikwa hakuna wa kukiona.

Sakafu ni suala la afya kabla ya kuwa la urembo. Viluwiluwi vya minyoo ya safura huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi, na huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Minyoo hiyo hunyonya damu, na mtoto huishia na upungufu wa damu. Ndiyo maana moja ya sifa za choo bora, kilichohimizwa na Wizara ya Afya katika kampeni ya Nyumba ni Choo iliyoanza mwishoni mwa 2017, ni sakafu inayosafishika. Nchini Mexico, mpango wa serikali wa kuweka saruji kwenye nyumba zenye sakafu ya udongo ulifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Watafiti walikadiria kuwa udongo ukiondolewa wote, maambukizi ya vimelea kwa watoto wadogo hupungua kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49.

Faida hiyo ilitokana na saruji ya kawaida, bila kigae hata kimoja. Mwenye fedha ya jamvi zuri pekee asijione amebaki nyuma.

Anza na shimo

Swali la kwanza kwa anayetaka mawe ni hili: chini ya sakafu kuna ardhi au kuna shimo? Kigae cha jiwe chenye unene wa sentimita 2 kina uzito wa kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba. Ongeza udongo wa saruji wa sentimita 3 wa kukilaza, uzito unapita kilo 100, kabla hujahesabu mtu na ndoo yake ya maji. Choo cha shimo kilichofunikwa kwa magogo hakiwezi kubebeshwa mzigo huo. Magogo huliwa na mchwa na huoza kwa ndani huku juu yakionekana mazima, na mtoto akitumbukia shimoni ni vigumu kumwokoa. Kwenye choo cha namna hiyo usiweke mawe kabisa. Fedha hiyo ikamwage bamba la zege lenye nondo.

Kama chini ni ardhi, udongo wa juu wenye mizizi huondolewa, panashindiliwa, mawe yanapangwa, kifusi kinajaza mianya na kushindiliwa tena. Juu yake hutandikwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande, kisha zege la sentimita 10: ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mafundi wengi wanalijua hili. Wanachoruka ni nailoni, kwa sababu haionekani.

Mchanga wa korongoni una tope, na tope hulegeza zege. Kupima ni rahisi: jaza mchanga nusu chupa ya maji iliyo angavu, ongeza maji, tikisa, acha itulie kwa saa kadhaa. Tope hukaa juu ya mchanga kama utando. Likizidi takriban sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au utafutwe mwingine.

Zege likishamwagwa, linahitaji kubaki na unyevu kwa siku 7 walau. Hapa ndipo Soitsambu inapotofautiana na mjini. Maji ya kumwagilia ni yale yale ambayo mama huyafuata na punda, na ni rahisi siku ya tatu kuamua kwamba watoto na ndama wana haki zaidi kuliko sakafu. Njia ya kubana matumizi ni kufunika zege kwa magunia yaliyoloweshwa, kisha nailoni juu yake na mawe pembeni ili upepo usiifunue. Maji hayapotei, na mbuzi hawaachi kwato zao humo. Pipa la maji ya ujenzi nalo lifunikwe. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Saruji mbichi huunguza ngozi, kwa hiyo aliyeikanyaga bila viatu aoshwe mara moja kwa maji mengi safi.

Kumwaga maji, kutazama

Sakafu ya bafu iwe chini ya ile ya korido kwa sentimita 2 au 3, na iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Mteremko huu utengenezwe kwenye zege lenyewe, usiachiwe mawe. Mwaga maji kidogo utazame: yakibaki dimbwi kwenye kona sasa, yatabaki pia baada ya mawe, na dimbwi la sabuni ndipo bibi na mtoto huteleza.

Fundi akiwa amelipiga zege niru hadi linang'aa, udongo wa kubandikia hautashika. Nyunyiza maji, yakijikusanya matone bila kunywewa, uso huo udonolewe kwa tindo na nyundo hadi uwe na makovu, kisha usuguliwe na kufagiliwa vumbi lote. Halafu gonga kila sehemu kwa mpini wa nyundo. Panapotoa sauti ya debe tupu pana uwazi, pavunjwe pajazwe upya.

Mawe yenyewe, kama yale ya Tanga, husafirishwa hadi Loliondo kwa lori, safari ndefu kwa kijiji ambacho jina lake limebeba neno osoit, yaani jiwe kwa Kimaasai. Chagua yenye uso mkavu wa kukwaruza, si yaliyosuguliwa kama kioo. Dondoshea limau nyuma ya jiwe moja: likitoa povu, jiwe hilo huliwa na tindikali, na dawa kali za kusafishia choo zitalitoboa. Jiwe lenye vitundu hunywa mkojo na maji ya sabuni, likatoa harufu, hivyo hupakwa dawa ya kuziba kabla ya bafu kutumika.

Kabla ya kubandika, zege liachwe likomae siku 28. Mwishoni, bandika kipande cha nailoni angavu sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote, usiku na mchana mmoja. Kikiwa na matone kwa chini, unyevu bado unapanda, subiri. Kikiwa kikavu, ziba tundu la maji, jaza sentimita 2 za maji, weka alama ya penseli ukutani na urudi baada ya saa 24. Maji hayo yasimwagwe. Yatafaa kuchanganyia udongo wa kubandikia siku inayofuata. Kwa wiki hizo zote, watoto waendelee kuoga kwenye karai uani.