Paka wa Mitaani na Haki Yao Juu Yetu

Wazee wetu wamesema: Paka wa nyumba haingwa. Maana ya maneno haya yajulikana: aliye wa nyumba hafukuzwi, hata akikosa. Lakini je, paka asiyekuwa na nyumba? Yule azaliwaye chini ya ngazi, akakulia vichochoroni, akala jaani na kulala juu ya baraza la msikiti, yeye ni wa nani? Hilo ndilo swali tunalokusudia kulizungumza mwezi huu, ndugu msomaji. Kwani ni jambo dogo machoni pa watu, na huenda likawa kubwa Siku ya Hisabu.

Katika mji wa Lamu, ambao tangu mwaka 2001 umeandikwa na UNESCO miongoni mwa miji ya urithi wa dunia, paka ni sehemu ya mji kama walivyo punda. Utawaona pwani asubuhi wakingoja mashua za wavuvi, utawaona sokoni chini ya meza za samaki, na adhuhuri utawaona wamejilaza katika vivuli vya kuta. Ni wembamba, wenye miguu mirefu, hata wageni husema wafanana na paka waliochorwa na watu wa Misri ya kale. Na hali si mbali na hiyo katika Mji Mkongwe wa Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa. Wenyeji hawawafugi wote, wala hawawafukuzi wote. Na hapo katikati, pasipo kufuga wala kufukuza, ndipo dhuluma nyingi hupita bila ya mtu kuiona.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu, paka jike wa mtaani alizaa katika ghala ya nyumba yetu, nyuma ya magunia ya makaa. Wakubwa walichoshwa na kelele, nikaambiwa: "Watie kikapuni ukawaache sokoni. Huko kuna samaki, hawatakosa riziki." Walikuwa watatu, na macho yao ndiyo kwanza yamefumbuka. Nikawapeleka jioni, nikawaweka chini ya meza ya muuza samaki, nikarudi mbio nisikose chakula cha usiku.

Usiku ule mama yao alizunguka nyumba nzima akilia. Aliingia kila chumba, akachungulia hata ndani ya kikapu kile kile kitupu. Asubuhi bibi yangu akauliza paka huyu amesibiwa na nini. Nilipomweleza hakunigombeza wala hakunipiga. Aliniuliza neno moja tu: "Mjukuu wangu, walikuwa na meno?" Nikanyamaza. Kisha nikaondoka mbio kwenda sokoni, na sikumkuta hata mmoja.

Kila Mwislamu amepata kuisikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alieleza habari ya mwanamke aliyemfungia paka hata akafa, asimlishe wala asimwachilie akajitafutia wadudu wa ardhini, na kwa ajili hiyo akaingia Motoni. Wengi wetu tukiisikia husema nyoyoni: "Mimi sikumfungia paka yeyote, basi hadithi hii hainihusu." Lakini na tuizingatie vyema. Kosa la mwanamke yule lilikuwa ni kumzuilia kiumbe njia zote mbili za riziki: hakumpa, wala hakumpa nafasi ya kujitafutia. Sasa mtoto wa paka asiye na meno, aliyetengwa na titi la mama yake na kutupwa sokoni, ameachiwa njia gani? Hawezi kuwinda, hawezi kutafuna kichwa cha samaki, na maziwa yake yamebaki nyuma kwa mama aliaye. Aliyemwacha huko hakumfungia mlango wa nyumba, ila amemfungia mlango wa riziki. Hili ndilo alilokusudia bibi yangu kwa lile swali lake.

Na kama hadithi hiyo ni ya kutisha, ziko nyingine za kututia matumaini. Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyekuwa mke wa mwana wa Abu Qatada, amesimulia kwamba mkwewe alimjia, naye akammiminia maji ya kutawadha. Akaja paka akataka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anastaajabu, akampa habari kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hadithi hii imepokewa na Imamu Malik, Abu Dawud na Tirmidhi. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wamesema mate ya paka ni tohara, isipokuwa imeonekana najisi mdomoni mwake. Ama mkojo na mavi yake ni najisi, na yapasa kuoshwa.

Tena tunajua kwamba mmoja wa Maswahaba waliopokea hadithi nyingi kuliko wote ametambulikana na umma kwa jina la Abu Hurayra, yaani baba wa kipaka, kwa sababu ya kipaka alichokuwa akicheza nacho akichunga mbuzi. Na katika Sura ya 6, Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa wanyama waendao ardhini na ndege warukao ni mataifa mfano wetu. Ikiwa wao ni mataifa, basi wana haki, na mwenye kudhulumu haki ataulizwa.

Wazee wa umma huu waliyafahamu hayo, wakayatia katika wakfu zao. Sultani al-Zahir Baybars, aliyetawala Misri tangu mwaka 1260 hata 1277, aliacha bustani karibu na msikiti wake mjini Cairo iwe wakfu kwa kuwalisha paka wasio na wenyewe. Karne nyingi zikapita, bustani ikauzwa na kuuzwa tena, lakini desturi haikufa. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Misri katika miaka ya 1820 na 1830, ameandika kwamba kadhi wa Cairo alikuwa angali akitoa chakula kila siku alasiri katika uwanja wa mahakama, na paka wa jirani wakikusanyika kula. Sultani mwenye majeshi hakuona haya kuwakumbuka paka. Basi sisi tunaona haya ya nini?

Sasa tuingie katika yale yanayotupasa kuyatenda, kwani huruma isiyo na maarifa huweza kudhuru.

La kwanza ni maji. Watu wengi hukumbuka makombo wakasahau maji, na katika miji yetu ya joto paka hufa kiu upesi kuliko njaa. Bakuli la maji safi kivulini, likioshwa na kujazwa kila siku, ni sadaka isiyogharimu kitu. Na yatosha kukumbuka yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake.

La pili ni chakula. Vichwa vya samaki, matumbo ya kuku yaliyochemshwa na dagaa wasio na chumvi nyingi vinafaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa haifai, kwani huvunjika vipande vikali vikamchoma tumboni. Maziwa ya ng'ombe, ingawa tumezoea kuyatoa, huwaharisha paka wengi. Chakula kitolewe mahali pamoja na wakati mmoja, na masalio yaondolewe baada ya saa moja. Kumwaga makombo mlangoni pa jirani kisha kuita sadaka si uungwana. Huvuta nzi na panya, na kumfanya jirani amchukie mnyama asiye na kosa. Haki ya jirani nayo imeandikwa.

La tatu ni sumu. Wako watu ambao paka wakizidi hutia sumu katika nyama wakaitupa kichochoroni. Jambo hili ni haramu na ni hatari. Mnyama hufa kwa mateso ya saa nyingi, na nyama ile hajui itaokotwa na nani: huenda ikawa kuku wa jirani, au mtoto atambaaye. Na paka wakimalizwa, panya hustarehe. Tena nawaonya wenye huruma: paka mgonjwa asipewe dawa za watu. Kidonge kimoja cha paracetamol chatosha kumwua.

La nne ni watoto wa paka. Ukiwakuta mahali pekee yao usiharakishe kuwachukua. Mama huenda amekwenda kutafuta chakula naye atarudi. Ngoja, tazama kwa mbali. Waache na mama yao hata wapate majuma manane, ndipo atafutiwe kila mmoja nyumba. Ikiwa mama amekufa, basi wanahitaji maziwa yafaayo paka, kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Muulize daktari wa mifugo kabla hujaanza.

La tano, na ndilo zito kuliko yote, ni wingi wao. Paka jike hubeba mimba majuma tisa tu. Huzaa watoto watatu, wanne au watano, na aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Binti yake naye akifika miezi mitano, na pengine minne, aweza kushika mimba. Kwa hesabu hiyo, mwenye kuwalisha bila ya kuuzuia uzazi huongeza idadi ya watakaokufa vichochoroni mwakani. Hapa ndipo huruma yetu hufikia ukomo wake, na hapa ndipo vikapu vinapokwenda sokoni.

Dawa iliyopatikana duniani ni kuwanasa paka kwa mtego usioumiza, kuwapeleka kwa daktari wa mifugo, dume akahasiwa na jike akafungwa kizazi, wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Kisha wakachanjwa kichaa cha mbwa, na kurudishwa pale pale walipochukuliwa. Aghalabu ncha ya sikio moja hukatwa kidogo wakiwa bado usingizini, ili ijulikane kwa mbali kuwa huyu amekwisha tibiwa. Paka waliorudishwa hulinda mahali pao, hupunguza kupigana na kulia usiku, na kundi hupungua polepole kwa njia ya kawaida.

Msomaji atauliza: na sheria yasemaje? Yafaa tuseme kweli bila ya kuficha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, Imamu Nawawi na wengineo wamekataza kumhasi mnyama asiyeliwa nyama yake. Wanavyuoni wa Hanafi wamejuzisha kumhasi paka ikiwa kuna manufaa au kuondoa madhara. Na katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Uthaymin wa Saudia alitoa fatwa kwamba paka wakiwa wengi wenye kuudhi, na tendo lenyewe haliwadhuru, hapana ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kwisha kuumbwa. Ama wakiwa wa kawaida wasioudhi, huenda kuwaacha ni kheri. Mwenye wasiwasi na amwendee sheikh wake, amweleze hali ya mtaa wake ilivyo, pamoja na habari za sumu na vikapu, ili fatwa ipatikane juu ya jambo lenyewe wala si juu ya dhana.

Kina mama wapenzi, nanyi msiogope kupita kiasi wala msighafilike. Mwenye mimba asisafishe mavi ya paka, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Kazi hiyo aifanye mwingine, kisha anawe mikono kwa sabuni. Mtoto akiumwa au akiparurwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji ya kutiririka muda wa dakika kumi na tano, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zake zikisha kuonekana, ni nadra mno mtu kupona. Chanjo itolewayo mapema ndiyo iokoayo.

Nanyi vijana, kazi hii ni yenu. Paka shume mwenye jicho bovu, ambaye watoto humtupia mawe wakitoka chuoni, hana wa kumtetea ila nyinyi. Wekeni zamu watano au sita wa mtaa mmoja: huyu maji, huyu chakula, huyu usafi wa mahali. Hesabuni paka wenu, mjue majike ni wangapi. Changeni kidogo kidogo kila mwezi, na mkipata fedha za kumtibu jike mmoja, mpelekeni, kisha mwanze kuchanga kwa wa pili. Mtaa mmoja waweza kutengenezwa kwa mwaka, na wala hapahitaji Sultani.

Yule paka jike wa nyumbani kwetu aliendelea kuja. Bibi yangu aliagiza kwamba kila siku, kabla sijala, nimwekee chake kwanza. Nilifanya hivyo miaka minne, hata siku moja hakutokea tena. Sijui kama lile tendo limelifuta la kwanza. Hilo liko kwa Mola wangu. Ila najua kwamba tangu siku ile, kila nionapo kikapu kimefunikwa kikipelekwa sokoni jioni, huuliza kilichomo. Nakuomba nawe uulize.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kurehemu, ili nasi turehemiwe. Amin.