Nzi wa zizini na hasara ya mchuuzi mpakani

Mchuuzi wa maziwa anayeamka alfajiri, akikusanya lita kumi huku na sita kule hadi keni zijae, huhesabu kila kitu: nauli ya bodaboda, ushuru, hata yanayomwagika njiani. Nzi hamo katika hesabu hiyo. Nzi, husema, ni shida ya mwenye zizi.

Tazama zizi lenyewe. Yuko nzi anayefanana na wa nyumbani, ila mdomo wake ni kama sindano. Huyu hunyonya damu, na hupenda zaidi miguu ya mbele. Ng'ombe hupiga kwato chini na kupunga mkia kutwa nzima. Hali akashiba, halali akacheua. Wataalamu wa mifugo husema nzi hao wakifika watano kwa mguu mmoja, hasara imeshaanza. Tuseme zizi lina ng'ombe watano, na kila mmoja amepunguza lita moja tu kwa siku. Kwa mwezi ni lita 150. Mchuuzi anayenunua kwa wafugaji kumi wa namna hiyo amekosa lita 1,500, na nauli amelipa ile ile.

Nzi wa nyumbani haumi, lakini hutoka kwenye mavi akatua kwenye chuchu, kisha kwenye ndoo. Hapo huchangia ugonjwa wa kiwele na kuchafua maziwa. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi, EAS 67, kinataka maziwa ya daraja la kwanza yasizidi bakteria 200,000 kwa mililita moja. Maziwa yaliyochafuka asubuhi, yakapigwa na jua barabarani, hayafiki huko. Na ng'ombe akitibiwa kiwele kwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi hadi siku za dawa ziishe. Mfugaji asiye mwaminifu atayachanganya humo humo, na anayekamatwa nayo ni wewe.

Wanaouza ng'ombe hai nao wasicheke. Nzi wanaouma ni miongoni mwa wadudu wanaobeba ugonjwa wa mapele ngozi. Ukizuka, wilaya huwekwa karantini, mnada hufungwa, na mifugo uliyokwisha kuilipia hubaki pale pale ikila majani ya kununua. Hata ngozi huchunwa na makovu, bei ikashuka.

Wengi hukimbilia dawa ya kupuliza. Huko ni kuanzia mwisho. Katika joto, yai la nzi wa nyumbani huwa nzi kamili kwa siku kumi hivi au chini yake. Wa kuuma huchukua kama wiki tatu. Zizi likizolewa mara mbili kwa wiki, funza hawapati muda wa kukua. Pembe za hori zisisahauliwe: majani yaliyobaki, yakalowa mkojo na kuoza, ndiko anakozaliana yule wa kuuma. Samadi itandazwe nyembamba ikauke, au ifunikwe kwa karatasi ya nailoni ili joto liue funza. Kuku nao wakiachiwa hapo watawadonoa bila kudai mshahara.

Magharibi mwa Kenya, watafiti walijaribu kuzungushia mabanda ya ng'ombe wa maziwa wavu wenye dawa, kwa kuwa nzi wengi huruka chini chini. Nzi walipungua. Atakayepuliza dawa basi asome kibandiko, asipulize wakati wa kukamua, na ndoo zikae mbali.

Mchuuzi hana amri juu ya zizi la mtu, ila ana bei. Anayeongeza kidogo kwa kila lita itokayo zizi safi, na kupita mwenyewe kuangalia, hununua maziwa yasiyorudishwa. Samadi kavu nayo ni nyepesi kubeba, na wakulima wa mboga huinunua kwa gunia. Gari lililopeleka maziwa lisirudi tupu.