Unene wa Chuoni: Hesabu ya Nishati na Swali la Nia

Gendabi iko chini ya Mlima Hanang, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Watanzania wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe yalipoteremka mlimani na kuua watu katika vijiji vya pale na katika mji mdogo wa Katesh. Makala haya hayahusu msiba ule. Yanahusu jambo la kimya zaidi, ambalo halitangazwi redioni: msichana aondokaye Gendabi kwenda chuoni akiwa na kilo 58, na kurudi likizo ya mwaka wa pili akiwa na kilo 72.

Msichana huyo si mtu mmoja nimjuaye. Ni mfano nilioutunga kutokana na wanafunzi wengi waliopita mbele yangu darasani. Tuseme urefu wake ni meta 1.60. Ukigawa uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa meta, utapata kipimo kilichobuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet mnamo mwaka 1832, ambacho waganga hukitumia hadi leo. Alipoondoka nyumbani kipimo chake kilikuwa 22.7, sasa ni 28.1. Kwa mtu mzima, kati ya 18.5 na 25 huhesabiwa kuwa uzito wa kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Wala hayuko peke yake. Uchunguzi wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Kabla hatujauliza jinsi atakavyopungua, hatuna budi kuuliza kwa nini atake kupungua. Anaposhuka basi pale Katesh, shangazi yake humshika mashavu na kusema, "Chuo kimekukubali, mwanangu." Kwao, mwili uliojaa ni ushahidi kwamba mtoto anakula, hana maradhi, na ada haikupotea bure. Mimi mwenyewe nilipokuwa masomoni ng'ambo niliongezeka kilo 9 katika majira mamoja ya baridi, na picha nilizotuma nyumbani zilipokewa kwa vigelegele. Kwa upande mwingine, kukonda kumebeba tuhuma katika nchi yetu tangu wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wapo wazazi ambao hata leo, wakimwona kijana wao amepungua, hawaulizi anafanya mazoezi gani. Humwuliza kwa sauti ya chini kama amepima. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hapambani na chakula tu. Anapambana na upendo wa watu wake, na huo ni mgumu kuukataa.

Yeye mwenyewe ana maelezo yake juu ya kilichotokea. Husema: "Nyumbani nilikuwa natembea, nachota maji, napanda mlima kutafuta kuni. Chuoni nakaa tu. Ndiyo maana nimenenepa." Karibu kila mtu atakubaliana naye. Walakini utafiti mmoja uliofanyika si mbali na kwao unatutaka tuwe waangalifu.

Kando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, huishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi ya porini. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadzabe 30, wanaume kwa wanawake. Wanaume walitembea kwa wastani zaidi ya kilometa 11 kwa siku, na wanawake karibu kilometa 6.

Njia ya kupima inastahili kuelezwa, kwani ni somo zuri la kemia. Mtu hunyweshwa maji ambayo hidrojeni na oksijeni yake ni za aina nzito kuliko za kawaida, zisizo na madhara kwa kiasi hicho. Hidrojeni hiyo hutoka mwilini ikiwa ndani ya maji tu: mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni ina milango miwili, maana hutoka ndani ya maji na pia ndani ya kaboni dioksidi tunayoipumua nje. Kwa kupima mkojo kwa siku kadhaa, mtafiti huona oksijeni nzito ikipungua upesi kuliko hidrojeni nzito. Tofauti ya mbio hizo mbili humwambia ni kaboni dioksidi kiasi gani iliyotengenezwa, na kwa hiyo ni chakula na shahamu kiasi gani vilivyounguzwa. Mhusika haulizwi amekula nini wala hafungiwi chumbani. Huendelea na uwindaji wake.

Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Mwanamume wa Kihadzabe alitumia takriban kilokalori 2,600 kwa siku, na mwanamke takriban 1,900. Baada ya kuzingatia tofauti za ukubwa wa miili, matumizi hayo hayakuzidi yale ya wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya, ambao huketi ofisini na kupanda magari. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hujibana mahali pengine, mfano wa mama mwenye nyumba ambaye akitumia zaidi kwenye nauli hupunguza kwenye mboga. Wapo wataalamu wanaobishana naye juu ya ukubwa wa kubana huko. Hata hivyo jambo moja limekuwa wazi: kutembea peke yake hakutoshi kueleza wembamba wa mtu wa porini, wala kuketi peke yake hakutoshi kueleza unene wa mwanafunzi.

Msomaji asichukue haya kuwa ruhusa ya kuketi. Kazi ya viungo huimarisha moyo, hushusha sukari na shinikizo la damu, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi anayekimbia uwanjani kila alfajiri kwa juma moja, kisha akapanda mzani na kuona sindano haikusogea, hajashindwa yeye. Hesabu aliyopewa ndiyo iliyokuwa na kasoro. Nia za vijana wengi hufia hapo hapo, siku ya nane.

Tuitazame basi sahani. Nyumbani Gendabi alikula ugali wa mahindi, maharage, mboga za majani na maziwa, katika saa zinazojulikana, kutoka chungu kimoja. Chuoni chakula chake kinafuata fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu. Zikiingia, kuna chipsi mayai, soda, maandazi na kuku wa kukaanga. Zikipungua, huanza ile wanayoiita pasi ndefu: hali asubuhi, hali mchana, na saa mbili usiku hula mlo mmoja mkubwa wa wali au chipsi kwa mama lishe. Kisha husoma hadi saa sita, akiwa na biskuti kando ya daftari.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Ngano ina historia yake huko Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba saba makubwa ya ngano yalianzishwa kwa msaada wa Kanada katika nyanda za Basotu, na Wabarbaig wafugaji wakapoteza malisho yao mazuri ili wakazi wa mijini wapate mkate. Kila nionapo mwanafunzi kutoka upande ule akinunua andazi langoni mwa chuo, hukumbuka kwamba vizazi viwili nyuma watu wa kwao walikunywa maziwa ya ng'ombe waliolisha penye shamba la ngano.

Turudi kwenye hesabu. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, yaani kilokalori 150 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban 120. Kilo moja ya shahamu mwilini imehifadhi takriban kilokalori 7,700. Mwanafunzi akinywa soda moja kila siku juu ya mahitaji yake, kwa mwezi amejiongezea kilokalori 4,500, na kwa miezi tisa ya masomo 40,500, sawa na kilo tano na robo. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwa kweli mwili unavyokua hutumia nishati zaidi, kwa hiyo ongezeko hupungua kasi kadiri siku zinavyokwenda. Lakini yatosha kuonyesha kwamba kilo 14 hazihitaji ulafi. Zinahitaji chupa, kijiko na muda.

Tena vyakula vyenyewe havilingani katika uwezo wa kumshibisha mtu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu wazima 20 katika hospitali ya utafiti. Kwa majuma mawili kila mmoja alipewa vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani, na kwa majuma mawili vyakula vya kawaida, akiachwa ale kadiri apendavyo. Katika kipindi cha vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku bila kuambiwa na mtu, na wakaongezeka uzito. Katika kipindi kingine wakapungua.

Sasa nia. Waalimu tumezoea kuamini kuwa mtu akijua hatari atabadilika. Mwaka 2002 Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran walitangaza jaribio walilowafanyia wanafunzi 248 wa chuo nchini Uingereza. Kundi la kwanza halikupewa mafundisho juu ya mazoezi. La pili lilisoma maelezo ya kutia hima kuhusu maradhi ya moyo na faida ya mazoezi. La tatu lilisoma maelezo yale yale, kisha kila mmoja akaandika ni siku gani, saa ngapi na mahali gani angefanya mazoezi juma lililofuata. Katika kundi la kwanza waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38. Katika la pili, waliotiwa hima, walikuwa 35. Katika la tatu walikuwa 91.

Nawaomba waalimu wasiikuze habari hii kupita kiasi, kama nilivyosikia ikikuzwa katika semina. Kilichopimwa kilikuwa zoezi la dakika 20 angalau mara moja katika juma, kwa maelezo ya wanafunzi wenyewe. Hakikuwa uzito wa mwili. Hata hivyo funzo lake ni zito kwetu sisi tuliozoea kuhutubia. Hotuba ilibadili mawazo yao, bali miguu ilingoja saa na mahali.

Je, nia yenyewe itoke wapi? Geoffrey Williams na wenzake, huko Rochester nchini Marekani, waliwafuatilia watu 128 wanene sana waliojiunga na mpango wa miezi sita wa kula kidogo. Katika taarifa yao ya mwaka 1996 walionyesha kwamba wale waliokuwamo kwa sababu zao wenyewe, zile wanazozithamini kwa dhati, walihudhuria zaidi na kupungua zaidi kuliko waliosukumwa na aibu au na watu wengine. Na miezi 23 baada ya kuanza, ndio waliokuwa wameshikilia zaidi walichokipata. Matani ya bwenini, basi, hayamsaidii mtu. Anayeitwa "bonge" kila apitapo koridoni aghalabu huacha kwenda uwanjani, kwa kuwa uwanjani ndiko anakotazamwa zaidi.

Mwanafunzi wetu wa Gendabi yamkini ana sababu iliyo yake. Huenda ni bibi yake aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Huenda ni kutaka tu kupanda Hanang tena, zaidi ya meta 3,400, bila kuketi njiani kila baada ya hatua hamsini. Kama ni kisukari, tarakimu zipo za kumpa moyo: jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2002, lenye watu 3,234 ambao sukari yao ya damu ilikuwa imeanza kupanda, lilionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 72, asilimia 7 ni kilo 5. Si lazima arudi 58. Akiacha soda moja na kijiko kimoja cha mafuta kila siku, karatasi inasema kilo moja kwa majuma manne. Mwili utasema polepole zaidi kuliko hapo, naye asishangae.

Niseme pia na wanafunzi wa sekondari wasomao ukurasa huu. Kipimo cha Quetelet kwa walio chini ya miaka 18 husomwa kwa majedwali tofauti, kwa sababu mwili ungali ukikua. Msichana wa kidato cha pili mwenye uzito wa kawaida hana cha kupunguza, na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyouzwa mitaani si vya kujaribiwa na mtu yeyote. Mwenye wasiwasi na aende kituo cha afya akapimwe.

Mwenzake wa chuoni ameandika mipango mitatu katika jalada la daftari. Bumu likiingia, nitanunua kwanza mchele, maharage na mkaa wa majuma mawili kabla sijapita langoni. Kipindi cha saa tisa kikiisha Jumanne na Alhamisi, nitarudi bwenini kwa miguu kwa njia ya nyuma. Wa tatu ni wa likizo, na ndio uliomchukua muda mrefu kuuandika: Mama akinyanyua upawa mara ya pili, nitamwambia, "Mama, niongeze mboga," na sahani nitaishika kwa mikono miwili ili asidhani nakikataa chakula chake.