Kupasuliwa Mgongo Si Mwisho wa Jembe

Ni machache yawatishayo watu wa Nyeri, Karatina na Othaya kama kuambiwa na daktari kwamba mgongo wapaswa kupasuliwa. Mtu aliyevunjika mkono hukubali kutiwa plasta siku ile ile. Lakini akisikia habari za mgongo hurudi nyumbani, akauza mbuzi, akawaendea wakandaji mmoja baada ya mwingine, mpaka mguu ukafa ganzi. Leo nataka kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, ili mwenye hofu aogope lile linalostahili kuogopwa, na mengine ayaache.

Mjomba wangu ni mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kenya. Kwa miaka mingi alibeba magunia ya kahawa mbichi mpaka kiwandani. Kisha maumivu ya kiuno yakaanza kushuka katika mguu wa kulia, na wayo ukawa unaburura chini atembeapo. Alipopigwa picha, ilionekana kwamba pingili moja ya uti wa mgongo imeteleza mbele juu ya mwenziwe, nayo inabana mshipa wa fahamu. Daktari alishauri pingili hizo mbili ziunganishwe. Mjomba alikataa. Aliniambia, "Mpwa wangu, mgongo ndio nguzo ya nyumba. Nani achongaye nguzo, na nyumba ingali juu yake?" Sikuwa na jibu. Miezi minane ikapita, na ule mguu ukazidi kulegea. Ndipo nikamsihi twende pamoja tukamwulize daktari mwenyewe.

Daktari hakukasirika. Alimwuliza, "Mzee, umepata kupandikiza mparachichi?"

Mjomba akajibu kwamba anayo mingi shambani.

"Ulipokwisha kupandikiza, ulifunga kwa kitu gani?"

"Kwa ukanda wa nailoni, ili kile kijiti kisitikisike."

"Na ukanda huo ndio ulioshikanisha mti?"

Mjomba akacheka. "La, mti hujishika wenyewe."

"Basi mfupa nao ni vivyo hivyo," akasema daktari.

Mfano huo una historia yake. Mwaka 1911, mjini New York huko Marekani, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, walitangaza kila mmoja njia yake ya kuunganisha pingili za mgongo. Ugonjwa walioukusudia hasa ulikuwa kifua kikuu cha mgongo, kilichoelezwa na Percivall Pott wa London mwaka 1779, ambacho hula pingili mpaka mtu akapinda. Albee alizaliwa katika jimbo la Maine, na utotoni babu yake alimfunza kupandikiza miti ya matunda. Alipokuwa daktari alitwaa kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa, akakipandikiza mgongoni, kikashika. Njia zao hazikutegemea skrubu. Mfupa wenyewe ndio uliofanya kazi. Siku hizi kifua kikuu cha mgongo kikitambuliwa mapema, mara nyingi hupona kwa dawa peke yake, nazo hutolewa bila malipo katika hospitali za Serikali. Tena maumivu mengi ya mgongo hayahitaji kisu hata kidogo.

Kwa wale wanaohitaji, kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, na mtaalamu wa dawa hiyo hukaa karibu naye muda wote akiangalia pumzi na mapigo ya moyo. Daktari huondoa kinachobana mshipa, hutia skrubu na vyuma vyembamba, kisha huweka vipande vya mfupa mahali pa kuungana. Vyuma hivyo mara nyingi ni vya titani, madini yasiyoshika kutu. Kazi yao ni ile ya ukanda wa nailoni. Mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kuanza kushikana barabara, na pengine mwaka mzima kukomaa.

Mjomba aliuliza, "Nitapooza?" Daktari alisema wazi kwamba hatari ipo: damu kupotea, kidonda kufanya usaha, mshipa kuumia, au mfupa kukataa kushika. Lakini alieleza kwamba ule ugwe mkuu wa fahamu huishia karibu na mwanzo wa kiuno, na pingili zake zilikuwa chini ya hapo. Kwa hiyo kupooza si jambo la kawaida katika kazi kama ile. Kilichokuwa hakika zaidi ni kwamba mshipa ukibanwa muda mrefu huenda usirudiwe na nguvu zake zote.

Akauliza tena, "Nitakuwa kama gogo?" Chini ya kichwa mtu ana pingili 24 ziwezazo kujongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Mbili zikiunganishwa, nyingine zaendelea kupinda. Na baridi ya Julai, je? Chuma kilichomo ndani ya mwili kina joto la mwili.

Mjomba alikubali. Siku ya pili baada ya kupasuliwa alisimama kwa msaada, na siku zilizofuata akatembea kila siku hatua chache zaidi. Kutembea humsaidia mgonjwa. Kuinama, kujinyonga kiuno na kubeba mizigo ndiko kudhurako. Akitaka kuokota kitu apige magoti. Mama asichukue kuni wala maji kwa ukanda wa kichwani, wala mtu asirudi nyumbani kwa bodaboda. Mvuta sigara aache, kwa maana moshi huuzuia mfupa kushika. Homa ikizuka, kidonda kikitoa maji, mguu ukizidi kulegea au mkojo ukishindwa kuzuilika, arudi hospitali mara moja, usiku au mchana.

Wagonjwa wa upande wetu huanzia katika Hospitali ya Rufaa ya Nyeri, Mathari, Tumutumu au Chogoria, na pengine huelekezwa Kenyatta mjini Nairobi, au Kikuyu, au Kijabe. Yafaa kuuliza mapema gharama ni kiasi gani, na bima ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF mwaka 2024, italipa sehemu gani, jamaa wasije wakauza shamba kwa haraka.

Leo mjomba analima bustani yake ya mboga, na magunia amewaachia wanawe. Maumivu yamepungua sana, lakini wayo wa kulia bado huburura kidogo. Yeye husema, "Hii ndiyo riba ya miezi minane niliyokaa nikiogopa."

Basi, ndugu msomaji, kama wewe au mzazi wako ameambiwa maneno kama yale, andikeni maswali yenu yote katika karatasi, mwende wawili, mmwulize daktari swali moja baada ya jingine. Kuuliza si utovu wa heshima. Mkiisha kujibiwa, amueni, wala msikawie.